Nimezunguka Mara Tatu, Mwalimu

Mwalimu Kyalo,

Mimi Athman wa Shee, wa Langoni, Amu, nanyi mwaita Lamu, nina miaka sabini na sita. Nimeishi kuliko punda kumi na tisa, ndugu zangu wanne, na madaktari wawili walioniambia moyo wangu hautaiona Ramadhani ijayo. Wao wamekwenda, moyo upo. Na sasa nimeishi kuliko wewe pia, uliyekuwa na miaka arobaini na tatu, na wewe sikuwa nimekutia katika hesabu hiyo hata siku moja.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Chuoni, tuliposomeshwa Kurani, nilifundishwa herufi za Kiarabu. Hizi nyingine nilijifunza ukubwani, kwa kusoma magunia ya saruji nilipokuwa nikiwapakia punda. Kwa hiyo ukiona neno limekaa upande, lisome kama usomavyo gunia. Mama Mwende, mkeo, amesema barua hii ataisoma kwa sauti mbele ya kaburi lako atakapokwenda kwenu Kitui, na kwamba hatarekebisha kitu. Nimemwambia hakuna cha kurekebisha.

Wewe wajua kwa nini nilikuja kwako, lakini wacha niliseme tena, maana barua ikisomwa kwa sauti hata majirani husikia.

Ni macho ya Bi Zena. Mke wangu, mwaka wa hamsini na mmoja huu. Daktari wa Mombasa alisema macho yale yanaweza kuokolewa, lakini ni lazima achomwe sindano kila baada ya wiki kadhaa, asikose. Mwanangu, aliye kazini Uarabuni, akatununulia gari dogo jeupe, likawa laegeshwa Mokowe, ng'ambo ya maji, maana Amu kwetu gari halina pa kupita, na tukawa twakodi dereva. Mara ya tatu, kwenye mzunguko mmoja kule Mombasa, dereva yule alikuwa leni ya ndani kabisa, akakumbuka ghafla kuwa njia yake ndiyo ile pale, akakata kushoto bila indiketa, bila kutazama. Lori likatukwangua mlango wa upande wa Bi Zena. Hakuumia. Lakini fikiri mtu asiyeona vizuri, akae garini kimya, mara asikie chuma kinararuka karibu na sikio lake.

Tuliporudi nyumbani alivua buibui akalikunja, akasema, "Athmani, mimi siendi tena. Bora kiza cha nyumbani kwangu."

Nikamwambia dereva si yule peke yake duniani. Akasema, "Kama si wewe uendeshaye, siendi." Alisema vile akijua siwezi. Alikuwa anafunga mlango. Lakini mimi, Mwalimu, ukinifungia mlango hivyo ndipo napandwa na wazimu.

Asubuhi yake nilikuwa Mokowe, mlangoni kwa shule yako ya udereva.

Ulikuwa wanywa chai. Ukanitazama, kofia, kikoi, ndevu, ukasema kwa adabu zako za bara, "Karibu mzee. Umemleta mjukuu?"

"Mjukuu ni mimi," nikakwambia. "Andika jina."

Hukucheka. Ndiyo maana nilikaa. Uliuliza tu kama nimewahi kuendesha chombo chochote, nami nikakwambia ukweli, kwamba tangu nina miaka kumi na miwili naswaga punda Amu, katika vichochoro ambavyo watu wawili wanene hawapishani, na mawe na mchanga na makuti nimepitisha humo, na sijamgusa mtu. Sijamgusa mtu, Mwalimu, isipokuwa Mzungu mmoja aliyekuwa akipiga picha akirudi kinyumenyume, na huyo alijigusa mwenyewe.

Na kusema kweli, mambo mengi sikukusumbua. Klachi niliielewa siku ya pili. Kioo nilikizoea upesi. Indiketa niliipenda tangu mwanzo. Uliniambia, "Mzee, indiketa si yako. Wewe unajua unaenda wapi. Indiketa ni ya yule hajui." Nikakwambia hilo sisi twalijua toka zamani, kila kona ya Amu mwenye punda hupiga ukelele kabla hajafika, ili bibi atokaye mlangoni na sinia lake ajiweke ukutani. Ukelele ukiupiga ukiwa umeshafika kona, hiyo si ishara tena, hiyo ni taarifa ya msiba. Ukalipenda neno hilo. Nikasikia baadaye unawaambia wanafunzi wengine kama lako.

Kilichonishinda ni mzunguko.

Wewe ulikuwa waita raundabauti. Kwa sababu Mokowe hakuna hata mmoja, ulijitengenezea wako, tairi tano kuukuu umezipaka chokaa, umezipanga kwenye uwanja nyuma ya maghala, na njia nne umezichora kwa chokaa hiyohiyo. Mbuzi wa jirani wakapapenda. Kila tukifika, wamekaa katikati ya tairi wanacheua, kama wazee wa baraza.

Siku ya kwanza uliniambia niingie, nizunguke, nitoke njia ya kulia. Nikaingia. Nikauweka mzunguko bega langu la kushoto, nikaenda zangu kwa utulivu.

"Mzee! Mzee! Mzee! Uko upande wa kuua watu!"

Ukakanyaga breki yako ile ya pembeni, paji langu likabusu usukani. Nikazima gari palepale, nikateremka. Nikakwambia, "Sikiliza, kijana. Mimi nimekwenda Hija. Nimeizunguka Nyumba ya Mwenyezi Mungu mara saba, na ilikuwa bega langu la kushoto, mwanzo hadi mwisho. Watu wametoka kila nti ya dunia, weusi, weupe, wenye magongo, wenye kubebwa, na wote wazunguka hivyohivyo, na sikuona ajali. Sasa wewe na mbuzi wako ndio mwataka kunigeuza?"

Uliinamisha kichwa kwenye dashibodi. Nilifikiri wasali. Kumbe wajizuia kucheka, nami nilikuwa nimejiandaa kukasirika. Ulipoinuka, ulisema taratibu, "Mzee Athman, huko ulikuwa unazunguka nyumba ya Mungu. Mimi siwezi kubishana na hiyo. Hapa unazunguka tairi na mbuzi. Tairi na mbuzi ikae mkono wa kulia."

Nilisema nitafikiri. Nikarudi Amu na boti ya mchana.

Mwezi mzima, Mwalimu. Mwezi mzima mwili wangu ulikuwa ukitaka kushoto. Nikifika kwenye zile tairi, kichwa chasema kulia, mikono yasema kushoto, na mbuzi wananitazama. Wanafunzi walioanza nyuma yangu walipata leseni wakaja kuniaga. Nawe kila mara wasema neno moja tu, "Tena." Hukuwahi kunipandishia sauti, ila ile siku ya kwanza. Mimi nilikupandishia nyingi, na kwa hizo niwie radhi.

Mtihani wa kwanza nilianguka, na si kwa mzunguko, maana barabara ya Mokowe haina. Hili wajua, lakini Kitui hawajui. Nilikuwa naendesha vizuri, afisa wa trafiki amekaa kando yangu na karatasi yake, tukafika njia panda, akatokea mwenzangu wa msikitini amepanda bodaboda. Sasa mimi nimpite mtu wa msikiti mmoja bila salamu? Nikainua mkono. Mwenye bodaboda akaona mkono umeinuka, akajua nampisha, akaingia. Nikasimama kwa kishindo. Afisa akauliza, "Mzee, hiyo ilikuwa ishara ya nini?"

Nikamwambia, "Ya Kiislamu."

Akaandika. Kufeli.

Ulikuwa umesimama mbali, umeyaona yote. Uliponifuata ulisema, "Mzee, hiyo mkono ikae kwa usukani. Salamu iwe ya mdomo. Barabarani mkono ukiinuka, kila mtu anasoma yake." Nami nilikuwa nimevimba, nikakujibu kwamba nti isiyo na salamu sitaki leseni yake. Nikapanda boti. Wiki ile sikuja.

Aliyenirudisha ni Bi Zena, bila yeye kujua. Nilimkuta jikoni amwaga chumvi katika mkebe wa sukari, kwa kupapasa. Nilichota ile chumvi na kijiko, punje kwa punje, na Jumanne nikaja.

Siku hiyo joto lilikuwa kali, na gari lako likachemka. Tukakaa kwenye kivuli cha ukuta wa ghala kungoja lipoe, wewe na muhogo wako wa kuchoma na pilipili, mimi na tende zangu. Na ndipo uliponiuliza. Si kwa mzaha. Uliuliza kama mtu atakaye kujua.

"Mzee, huko Makka watu ni wengi vile. Sasa mtu akimaliza, anatokaje?"

Nikakueleza. Nikakwambia mwenye mizunguko yote saba mbele yake hujisogeza ndani kidogokidogo, karibu na Nyumba, na huko akae, asisumbue watu. Mwenye kubakiwa na kidogo hukaa nje. Na aliye ndani, akifika mzunguko wa mwisho, haanzi kutoka pale atakapo kutokea. Aanza mapema. Bega, hatua, bega, hatua, huku wenziwe wamwona kwamba huyu yuatoka. Nikakwambia tulikuwa na mtu wa Faza, kichwa kigumu kuliko changu, alingoja hadi mzunguko wake wa saba umekwisha ndipo ajaribu kukata moja kwa moja kupita vifua vya watu. Wakamchukua. Wakamzungusha tena mzima, miguu haigusi chini. Alipotoka hakujua ni wa ngapi.

Ukaacha kutafuna.

"Mzee," ukasema, "hiyo ndio leni."

Ukaokota kijiti ukachora mchangani. Anayetoka njia ya kwanza, ya kushoto, akae leni ya nje, na indiketa ya kushoto tangu hajaingia. Anayekwenda mbele moja kwa moja akae nje vilevile, asiwashe kitu mwanzoni, na akishapita njia ya kwanza awashe ya kushoto. Anayekwenda kulia, safari yake ni ndefu, ajisogeze ndani, indiketa ya kulia, ashikamane na ule mzunguko, na akishapita ile njia iliyo kabla ya yake, awashe ya kushoto, atazame kioo, atoke polepole. Na kabla ya yote, kabla hujaingia, mpishe aliye mkono wako wa kulia, kwa sababu yeye tayari yuko katika mwendo wa wote. "Kitu moja tu imegeuka, mzee," ukasema. "Bega. Mengine yote unajua kuliko mimi."

Miezi miwili ulikuwa ukinifundisha jambo nililolitenda kwa miguu yangu mwenyewe.

Gari halijapoa sawasawa nikaingia. Nikazunguka zile tairi, mbuzi mkono wa kulia, leni ya ndani, indiketa, nje, indiketa, nikatoka. Nikarudia mara kumi. Hukusema "vizuri." Ulimalizia muhogo wako. Nilipozima gari ulisema, "Wiki ijayo nakupeleka Malindi kwa raundabauti ya ukweli."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Nimeyageuza sana, na nimeona ni maneno mazuri. Wengine huachiwa mabaya kuliko hayo.

Jumanne iliyofuata nilivuka na halwa nusu ratili, nimeifunga mwenyewe, kwa ajili ya safari ya Malindi. Shule imefungwa. Mwenye duka la jirani ndiye aliyenambia. Kichwa kilikuuma siku mbili tu. Siku mbili. Na walikuwa wameshakuchukua kwenda kwenu.

Kwetu mtu akifa asubuhi, alasiri tumeshamzika, na rafiki aliye karibu hutia mkono wake kulibeba jeneza, walau hatua tatu. Kwako sikupata hatua hata moja. Nilikwenda kule nyuma nikakaa juu ya tairi. Mbuzi walikuwapo. Ile halwa... niliwapa wao. Hawakuimaliza.

Basi. Nilisema sitaandika ya kulia.

Sasa yaliyobadilika. Kiti chako amekikalia Mama Mwende. Nyote mlidhani yule mama hushughulika na daftari tu pale ofisini, kumbe amekuwa akisikiliza miaka yote. Ana karatasi yake ya kufundisha, halali. Mwanzo watu walinong'ona, mwanamke atamfundisha nini mwanamume. Nikawaambia barazani, mimi Athman wa Shee nafundishwa naye, nani kati yenu ana kichwa kigumu kuliko changu? Wakanyamaza, maana hakuna. Sasa ana wanafunzi hata wa Mtangawanda kule visiwani, wavuka bahari mbili kuja kwake. Zile tairi amezipaka chokaa upya. Mbuzi amewafukuza, wamerudi.

Ubao wako nao upo, ule wa mtihani, uliochorwa mji wenye njia na mzunguko, na vile vigari vya kuchezea. Siku ya mtihani wa pili, afisa alikuwa mwanamke, mtu wa bara, sura ngumu kama kuta za ngome. Aliweka kigari chekundu upande mmoja wa ubao. "Mzee, uko hapa. Hospitali iko kule kulia. Nipeleke."

Hospitali. Hakujua alisemalo.

Nikakishika kigari kwa vidole viwili. Nikasema kwa sauti, kama ulivyotaka niseme, "Natazama kioo. Indiketa ya kulia. Leni ya kulia." Nikafika mdomoni mwa mzunguko. Yeye akasukuma lori dogo kutoka mkono wangu wa kulia, kimyakimya, mtego. Nikasimama. Nikalipisha. Likapita lote, hata mkia wake. Nikaingia, katikati mkono wa kulia, nikapita njia ya kwanza, nikapita ya pili, "Sasa indiketa ya kushoto, natazama kioo, natoka." Nikakiegesha mbele ya hospitali.

Akaniangalia. "Nani alikufundisha?"

Nikafungua mdomo. Neno halikutoka, Mwalimu. Mimi, ambaye hakuna aliyewahi kuninyamazisha tangu utawala wa Mwingereza. Mama Mwende ndiye aliyejibu, amesimama nyuma yangu. "Mume wangu."

Afisa akaandika. Safari hii aliandika vizuri. Na barabarani nilikutana na watu watatu niwajuao, nikawaamkia wote kwa mdomo, dirisha wazi, mikono kwenye usukani kama nimepigiliwa misumari.

Nikavuka, nikaingia nyumbani, nikamwekea Bi Zena leseni kiganjani. Akaipapasa pande zote mbili. Akasema, "Hii ni kadi ya benki." Nikaapa. Akainusa. Kisha akasema, "Nitolee buibui langu."

Sasa nakuja kwenye kiini.

Tulikwenda sisi watatu. Bi Zena mbele kushoto, Mama Mwende nyuma, alikuwa na shughuli zake sokoni Mombasa. Kabla hatujaondoka Mokowe alisema, "Mzee, leo mimi si mwalimu. Leo mimi ni mzigo. Sisemi neno." Tukalala Malindi kwa mpwa wangu, na asubuhi tukashika barabara ya Mombasa. Mpaka Mtwapa mimi nilikuwa mfalme. Kisha magari yakaongezeka, kisha yakawa ukuta, kisha nikauona.

Ulisema raundabauti ya ukweli. Hukusema ya Mombasa ni kubwa hivyo. Katikati hakuna tairi, kuna bustani yenye nyasi na maua na mtu amelala. Leni tatu. Malori ya makontena, tuktuk kama siafu, mabasi yenye muziki. Na hospitali ya Bi Zena ni njia ya kulia, ile ya mbali, na huo ndio mzunguko uleule alipokwanguliwa.

Bi Zena hakuuona. Lakini aliusikia. Mkono wake ukashika ukingo wa kiti.

Nikasema kwa sauti, kama mbele ya ubao. Kioo. Indiketa ya kulia. Leni ya kulia. Nikasimama mdomoni, nikampisha wa kulia, na wa kulia, na wa kulia. Nyuma yangu wapiga honi. Mmoja aliteremsha kioo akanitukania mama yangu, aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Sikuyumba. Nafasi ikapatikana, nikaingia. Ndani kabisa, ubavuni mwa ile bustani. Nikapita njia ya kwanza. Nikapita ya pili. Nikawasha ya kushoto, nikatazama kioo.

Tuktuk. Leni ya nje yote ni tuktuk, zimeshikana pua na mkia, hakuna pa kupenya hata punda.

Hapo ndipo yule dereva wa kukodi alipokata, Mwalimu. Pale pale. Mguu wangu wa kulia ulitaka kukata. Njia ilikuwa ile, naiona, hatua ishirini. Nami nikamkumbuka mtu wa Faza, aliyetaka kukata vifua vya watu. Nikazima indiketa ya kushoto, nikairudisha ya kulia, nikaendelea kuzunguka.

Mara ya pili, basi limenifunga. Nikaendelea. Na katikati ya yote hayo, tuktuk moja ikaja sambamba nami, na ndani yake nasikia, "Bwana Athman! Bwana Athman wa punda! Assalamu alaykum! Wafanyani huku?" Mtu wa Amu! Kutoka dunia nzima! Nikajibu kwa mdomo, "Wa alaykumu ssalaam, usinishughulishe, niko ndiani!" na mkono haukuinuka. Haukuinuka hata kidole.

Bi Zena akasema, "Athmani."

"Labeka."

"Jua lanipiga shavu la kushoto mara ya tatu hii. Twazunguka nini?"

Nikamwambia twangoja ndia ya kutokea. Akafikiri. Akasema, "Ukifika ya saba nambie nitie nia ya rakaa mbili." Na akaucheka mzaha wake mwenyewe, na nikaona ule mkono umeachia kiti.

Mara ya tatu nikawasha ya kushoto mapema zaidi, kama nilivyokueleza, bega, hatua, bega, hatua. Dereva wa lori la makontena, kijana amefunga kilemba kichwani, akaiona indiketa yangu. Akapunguza mwendo. Akaniachia. Lori zima lilisimama kwa ajili ya kitaa kidogo cha njano, Mwalimu, kwa sababu alijua naenda wapi. Nikapita mbele yake taratibu, nikatoka.

Sikumpungia mkono wa asante. Nilitaka sana. Nilisema asante kwa mdomo, na Mungu amfikishie.

Sindano alichomwa. Na nyingine wiki sita baadaye, na juzi ya tatu. Daktari asema hayarudi yote, lakini yaliyobaki yatakaa. Bi Zena aniona ukingo wa kofia yangu na ndevu, asema uso uliobaki si hasara kuukosa. Chumvi na sukari amevitenga mwenyewe. Kila safari hukaa mbele kushoto, na tukikaribia ule mzunguko huacha kuzungumza, si kwa hofu, asema anapenda kusikia ile indiketa, tik, tik, tik. Mimi siku hizi natoka mara ya kwanza. Na kule barazani Amu nimesema hata ile siku nilitoka mara ya kwanza. Wewe ndiye mtu wa pekee niliyemwambia ni tatu, wewe na wote wa Kitui wanaosikiliza.

Nimeridhika, Mwalimu. Nafikiri ni hilo nililotaka kukwambia, na yote mengine ni njia ya kulifikia. Nina mke anayeniona kofia, nina leseni, na mkono uliojifunza kutulia uzeeni. Sisi tuna maneno yetu kwa maiti wetu, nanyi mna yenu. Nimeyasema yetu yote juu yako, na yenu nimemwachia mkeo. Lala salama, kijana wangu uliyenifundisha.

Na ahadi ni hii. Zile hatua tatu za jeneza ni deni langu, na nitakuja kuzitembea kaburini kwako. Si kwa basi. Mvua zikikatika nitakuja mwenyewe, nimeshika usukani. Mama Mwende asema kutoka Mombasa hadi Kitui kuna mizunguko ambayo sijaiota. Nimemwambia ihesabu uniandikie.

Na kama kuna huko kwenu atakayesema mzee huyu wa pwani ametia chumvi, mashahidi wangu ni wawili, na wote walikuwa ndani ya gari. Wa kwanza ni Bi Zena, mke wangu, ambaye macho yake hayakuona kitu siku ile. Wa pili ndiye huyu akusomeaye, Mama Mwende, mke wako, aliyekaa nyuma akiyafumba yake tangu tulipoingia mpaka tulipotoka. Muulizeni. Atawaambia alijua tumetoka salama kwa sababu aliisikia indiketa inazima.